Walimu Waliopeana Migongo

Mwalimu Mwanamkuu alikuwa na sauti, na ukitaka ugomvi naye mwambie aipunguze. Sauti ile iliweza kumsimamisha mtu na mkokoteni wake katikati ya Mtaa wa Msimbazi akadhani ameitwa na mgambo wa jiji. Majirani zake wa Narung'ombe walimtania kwamba siku ya kiyama malaika wa baragumu akiamka na mafua, kazi atapewa yeye. Mwenyewe alicheka, akawajibu kwa sauti hiyo hiyo, na kuku wakatawanyika uani.

Lakini hakuzaliwa nayo, jamani. Alipoanza kufundisha, binti mbichi katoka chuo, hakuwa na sauti ya kumfukuza hata inzi. Shule yenyewe ilikuwa pale pale Kariakoo, ukuta wake umepakana na barabara ya soko, ila wakati huo ilikuwa shule. Ilikuwa na dari. Madirisha yalikuwa na vioo. Watoto walikaa wawili wawili kwenye dawati, na katikati ya madawati kulikuwa na njia, na kwenye njia hiyo ndiko ulikokuwa ualimu wa Mwanamkuu. Hakupenda kusimama mbele. Alishuka kati ya watoto, akapiga magoti kando ya dawati, akaweka kidole chini ya neno na kunong'ona, "Hapa umesomaje? Hebu nisomee tena, mimi peke yangu." Mtoto akimwambia hajaelewa, Mwanamkuu alifurahi, maana sasa alikuwa amepata kazi ya kufanya. Watoto wa Darasa la Tatu walisoma wakasoma. Wazazi walimjua, na wenye maduka walimvutia kiti akae kabla hajasema anataka nini.

Halafu zikaja enzi za ruksa. Bidhaa zikafunguliwa milango, Kariakoo ikafurika: redio, vitenge, sabuni zenye harufu ya matunda, suruali za mitumba zilizovaliwa na marehemu gani sijui huko Ulaya. Kila kitu kiliruhusiwa kuingia isipokuwa dawati. Watu wakaja kufuata biashara, wakaja na watoto wao, na watoto wakashindiliwa shuleni kama mahindi kwenye gunia. Mvua za masika mwaka mmoja zikaangusha dari ya upande mzima. Wakubwa wakaja kuangalia, wakapima kwa kamba, wakatikisa vichwa, wakasema vyumba vile vifungwe kwa muda. Kwa muda! Ukisikia mkubwa anasema kwa muda, tandika kitanda kabisa ulale.

Ndipo Darasa la Tatu A la Mwanamkuu na Tatu B, lililopewa Mwalimu Eliakimu aliyekuwa ndiyo kwanza katoka chuo, yakatiwa chumba kimoja. Eliakimu alikuwa mtu wa Singida, mrefu, mpole, mdogo kwa Mwanamkuu kwa miaka kumi na ushei, na alimwita Da Mwanamkuu kwa adabu zote. Mwalimu mmoja alielekea ubao wa mashariki, mwingine ubao wa magharibi. Watoto wa A waliwapa migongo watoto wa B, na katikati hapakuwa na hata pazia. Walio wengi walikaa sakafuni, magoti yamegusa videvu, daftari juu ya mgongo wa mwenzake. Njia ya kupita haikuwapo tena. Ukitaka kumfikia mtoto wa nyuma, labda upae.

Wiki ya kwanza walimu wale wawili walipigiana kelele mpaka wakaogopana. Eliakimu akijumlisha, Mwanamkuu akisoma hadithi, watoto wakaandika hadithi yenye hesabu ndani. Basi wakakaa chini mlangoni, wakakubaliana: sauti itakuwa na zamu. A wakisoma kwa pamoja, B wananakili kimya. B wakiimba jedwali lao, A wananyamaza. Wakaizoea zamu hiyo mpaka hawakuhitaji ishara wala saa. Mwanamkuu angeweza kuwa katikati ya sentensi, akasikia Eliakimu anavuta pumzi nyuma yake, akakatisha hapo hapo na kusimama macho ukutani mpaka wale wa B wamalize, kisha akaendelea pale alipoachia kama hakuna kilichotokea. Miaka ikapita hivyo. Mkaguzi alipokuja akawasifu sana kwa nidhamu. Alisimama mlangoni, maskini, maana ndani hapakuwa na pa kuweka kiatu.

Sasa niambie, katika mpango huo mtoto mmoja mmoja anapata wapi nafasi? Swali moja tu linakula zamu. "Mmeelewa?" anauliza Mwanamkuu. "Tumeelewaaa!" yanaitika mabati. Basi, imeisha hiyo. Asiyeelewa asimame, na akisimama kulikuwa na fimbo, imelala kwenye ukingo wa ubao upande wa kulia. Mwanamkuu hakuwa katili, na atakayesema alikuwa katili simjui na sitaki kumjua. Fimbo ilikuwa ndicho kitu pekee kilichoweza kufika nyuma ya chumba.

Na madirisha, sijayasema madirisha. Vioo vilivunjika zamani, vikabaki vyuma, na wamachinga wa barabarani wakaona vile vyuma vinafaa kutundikia nguo. Asubuhi walitundika suruali, chumba kikawa giza. Mtoto anasoma, huku nje mteja na muuzaji wanabishana, "Kaka, hii imechanika!" "Hiyo mtindo, bosi, ndivyo zinavyovaliwa!" Mwanamkuu mwanzoni alitoka kugombana nao. Walimjibu, "Mwalimu, na sisi tunatafuta. Hata wewe ukipata mtaji si utatuacha na hao watoto?" Akarudi ndani. Siku zilivyokwenda akaacha kutoka. Choo cha walimu nacho kilikuwa kimetitia, kwa hiyo tangu alfajiri hakunywa maji mpaka arudi nyumbani, na mchana kichwa kilimgonga.

Mtu akiishi hivyo huanza kunyauka kwa ndani. Zamani aliandaa somo lake jioni kwa raha, akalifikiria hata wakati wa kukuna nazi. Sasa aliingia darasani mikono mitupu, akafundisha kilichokuwa kwenye ubao wa jana. Saa ya mapumziko aliuza visheti kwa wanafunzi wake mwenyewe, kama walimu wengine walivyouza barafu na ubuyu, na kulikuwa na watoto waliomjua kwa visheti kuliko kwa somo. Wenye maduka wakaacha kumvutia kiti. Binti yake Badria alipoulizwa atakuwa nani akikua, alisema chochote isipokuwa mwalimu, tena alisema mama yake akisikia.

Kitu kimoja tu kilimshika asianguke. Wenzake walipolalamika ofisini, naye alipiga meza akasema, "Wallahi nawaambieni, nipeni chumba kimoja kilichotulia. Nipeni watoto wanaohesabika. Mtauona ualimu wangu. Upo humu humu, haujaenda popote!" Alijigonga kifua aliposema hivyo. Aliamini. Usiku, mchana, aliamini kwamba yule binti wa kupiga magoti kando ya dawati bado yupo, amekaa pembeni tu anasubiri kelele ziishe. Eliakimu naye aliamini kwa sababu yeye aliamini. Eliakimu hakuwahi hata siku moja kufundisha chumba cha peke yake. Alitoka chuo akakuta mambo yako hivyo.

Basi siku moja ya Jumamosi, Mwanamkuu ananunua sukari dukani kwa Kantilal, mama mmoja wa Kihindi akamtazama, akamtazama tena, kisha akamshika mikono yote miwili.

"Shikamoo Mwalimu! Hunikumbuki? Mimi Harshida! Ulinifundisha Darasa la Tatu!"

"Marahaba! Harshida wa misuko miwili? Lo! Umekuwa mama mtu mzima!"

Alikuwa mkwe wa Kantilal sasa. Watu binafsi walikuwa wamefunguliwa milango ya kuanzisha shule, na Harshida na mumewe walikuwa wameifanya ghorofa ya pili ya nyumba yao kule Kisutu shule ya watoto wadogo. Masomo yote kwa Kiingereza, isipokuwa Kiswahili, na mwalimu wa Kiswahili ndiye waliyemkosa. Wamejaribu watatu, wote hawakufaa.

"Mwalimu, mimi Kiswahili changu ni chako," Harshida alisema, na macho yakamlowa hapo hapo katikati ya magunia. "Nyumbani tulisema Kigujarati, shuleni nilikuwa bubu. Wewe ulikuwa unapiga magoti pembeni yangu. Hukunicheka. Njoo ufundishe kipindi kimoja tu, mume wangu aone. Mimi sihitaji kuona, nakujua."

Mwanamkuu alirudi nyumbani sukari kaisahau dukani. Chumba kimoja! Watoto ishirini hawafiki! Kiswahili, somo lake mwenyewe, si Kiingereza cha kumfunga ulimi! Usingizi haukuja. Haikuwa tamaa ya mshahara, ingawa mshahara ulikuwako na si wa kubeza. Alichotaka ni kuuona tena ualimu wake kwa macho. Miaka yote aliapa upo. Sasa ameitwa autoe.

Jumatatu alimwambia Eliakimu peke yake. Eliakimu alimsukuma kama anayesukuma gari lililozimika. "Nenda, Da Mwanamkuu! Watoto wote niachie mimi. Mwalimu mkuu nitamwambia umekwenda hospitali. Nenda ukawaonyeshe!" Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Ukifaulu wewe, na sisi wengine tuna matumaini."

Akaenda. Alivaa gauni la Idi, akafunga mtandio mweupe, na jioni ya kuamkia siku hiyo alikuwa ameandaa somo kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Alilifikiria akikuna nazi. Alijiona anavyoshuka kati ya watoto, anavyonong'ona. Njiani kupitia Mnazi Mmoja alikuwa akitabasamu peke yake, na kijana mmoja akamwambia, "Mama leo umependeza," naye hakumtukana.

Chumba kilikuwa ghorofani, madirisha mapana, pazia jepesi linacheza. Watoto walikaa kwenye meza ndogo za rangi, na kati ya meza na meza kulikuwa na nafasi ya kutosha watu wawili kupita wameshikana mikono. Walisimama kumwamkia, wakakaa. Harshida na mumewe walikaa nyuma kwenye viti. Mlango ukafungwa.

Kimya.

Jamani, kimya kile! Mwanamkuu alisikia chaki ikigusa ubao. Alisikia saa ya ukutani. Alisikia tumbo lake. Akaandika: *Bibi amekwenda sokoni kununua nazi.* Akageuka, akavuta pumzi, akasoma.

Sauti iliyotoka ilikuwa ile ya Kariakoo. Iligonga ukuta wa nyuma ikarudi, na mtoto mmoja wa mbele akaziba masikio. Mume wa Harshida akanyanyua kichwa. Mwanamkuu mwenyewe alishtuka, akataka kuipunguza, akakuta haina pa kupunguzia. Ama hiyo, ama kukauka kabisa.

"Wote! Semeni!"

Watoto wakatazamana. Hawakuwa wamezoea kusema wote. Wachache wakajaribu, kila mmoja kivyake, wengine wakacheka kwa aibu.

"Sijasikia! Wote! Tena!"

Wakasema. Akaandika sentensi ya pili, akaanza kuisoma, akafika katikati, akanyamaza. Aligeuza uso akautazama ukuta, mkono wenye chaki umening'inia. Alisimama hivyo. Watoto wakamtazama. Pazia likacheza. Yeye yuko ukutani tu, ametulia kabisa, hana wasiwasi, kama mtu aliyesimama kituoni.

"Mwalimu?" Harshida aliita taratibu. "Unasubiri nini?"

Ndipo alipojikuta. Alikuwa anawasubiri Tatu B wamalize. Alikuwa anamsubiri Eliakimu, ambaye yuko Kariakoo, ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Zamu ilikuwa imefika mwilini mwake na mwili ukatii. Alisema, "Hapana, hapana," akaendelea kusoma, lakini tayari alikuwa amepotea. Alijiambia, shuka. Shuka sasa kati ya watoto, ndiyo kazi uliyoijia. Njia hiyo hapo, pana, safi, inamwita. Miguu ikakataa. Aliiambia tena, ikakataa. Ilikuwa imekaa miaka na miaka pale penye upana wa mkeka, haikujua kwamba kuna kwingine kwa kwenda.

Kwa hiyo akafanya lile alilolijua. "Mmeelewa?"

Hakuna aliyeitikia. Kisha binti mdogo wa meza ya pili, Megha, akainua mkono bila woga wowote. "Mimi sijaelewa, mwalimu. Huyo bibi ni bibi wa nani? Na kwa nini hakumtuma mtu?"

Swali zuri hilo! Hilo ndilo swali ambalo binti mbichi kutoka chuo angelikumbatia, angepiga magoti hapo hapo akamwambia, wewe unadhani ni wa nani? Kipindi kizima kingetoka humo. Mwanamkuu alilisikia, na hata akalijua kuwa ni zuri. Na mdomo wake ukasema, "Simama!"

Megha akasimama, anatabasamu bado, akidhani ni mchezo. Na mkono wa Mwanamkuu ukaenda kwenye ukingo wa ubao, upande wa kulia. Ukapapasa. Ukarudi, ukapapasa tena. Hapakuwa na kitu isipokuwa vumbi la chaki. Mtoto akaangalia ule mkono unatafuta, na sijui alielewa nini, maana watoto wale hawakujua fimbo, lakini tabasamu likamtoka na midomo ikaanza kutetemeka.

Harshida alikuwa amekwishasimama. "Asante, Mwalimu. Inatosha. Asante sana."

Walikaa kwenye ngazi, Harshida akamletea soda. Mumewe alibaki ndani akimbembeleza mtoto. Harshida hakumlaumu, afadhali angemlaumu. Alimshika kiganja, akakifuta chaki kwa leso yake mwenyewe kama anayefuta mtoto, akasema, "Mwalimu, wamekufanya nini?"

Wamemfanya nini? Nani? Angesema dari? Angesema suruali za dirishani? Hakuna aliyekuja siku moja akamwambia, lete ualimu wako. Ulitoka kidogo kidogo, kila siku chembe, na yeye yupo anaangalia, anapiga meza ofisini kwamba uko salama.

"Tutakuita," Harshida alisema mwishoni. Alikuwa mtu mwema, kwa hiyo hakuweza kusema vinginevyo.

Alirudi Kariakoo kwa miguu, mtandio kaukunja mkononi. Alilia mara moja tu, nyuma ya kibanda cha mshona viatu, akafuta uso, akaendelea. Uchungu uliomkaa haukuwa wa kukosa kazi. Kukosa kazi ni jambo la kila mtu mjini hapa. Kilichomuuma ni kwamba sasa anajua. Jana alikuwa mwalimu mzuri kwenye shule mbovu. Leo hakuwa na mtu wa kumwambia yeye ni nani.

Eliakimu alimpokea getini, shati limelowa, macho yanang'aa. Watoto wote wa chumba alikuwa nao peke yake tangu asubuhi, na bado alikuwa na nguvu ya kutabasamu.

"Enhe! Niambie, Da Mwanamkuu! Ilikuwaje?"

Alimwangalia yule kijana. Ukweli ulikuwa ulimini, wallahi. Aliufikisha mpaka kwenye meno. Lakini Eliakimu alikuwa anamtazama kama mtu anayesubiri daktari atoke chumba cha upasuaji, na Mwanamkuu akashindwa.

"Nimefundisha, mdogo wangu," alisema. "Nimefundisha mpaka mimi mwenyewe nikashangaa. Nimepiga magoti kando ya watoto. Walinipenda."

"Nilijua! Si nilikuambia? Na kazi?"

"Wamenipa. Nimekataa. Nimeona siwezi kuwaacha hawa."

Eliakimu aliduwaa. Kisha akapiga makofi. "Kumbe inawezekana! Kumbe chumba tu ndicho tatizo!" Akazunguka, akarudi. "Da Mwanamkuu, kama umekataa... basi nafasi bado ipo?"

Hapo tu ndipo alipoona alichokifanya. Maji yalikuwa yamekwisha mwagika. Akimwambia asiende, atauliza kwa nini, na atamwambiaje? Eliakimu akaomba naye kipindi cha majaribio, na siku zilizofuata alikuwa mtu mwingine. Aliandaa somo kwenye karatasi, akalichora kwa kalamu mbili, akamwonyesha. "Hapa nitashuka kati ya madawati kama wewe. Sawa?" Mwanamkuu akasema sawa. "Hapa nitawaacha waulize." Akasema vizuri. Mara mbili alimvuta pembeni aseme, na mara zote mbili akaishia kumwambia ale vizuri, amekonda. Alijichukia. Alikuwa na hakika ya kitakachompata kijana yule, na aliogopa fedheha yake mwenyewe kuliko alivyomwonea huruma. Hilo liseme lilivyo, usilipake asali.

Eliakimu akaenda siku ya Alhamisi, kavaa suti yake ya harusi katika jua lile. Mwanamkuu alibaki na A na B. Alisimama kwenye mlango, maana katikati hapakuwa na mahali, akawasomesha wote kwa pamoja, na hakujua wanasoma nini. Masikio yake yalikuwa barabarani. Alimwomba Mungu mambo mawili yasiyopatana: kijana afaulu, na asifaulu.

Alirudi kabla ya kengele ya mchana. Mapema mno. Koti alilibeba begani, na kwenye mkono wa shati, karibu na kifungo, kulikuwa na chaki. Alikuja akasimama mbele ya Mwanamkuu, nje ya mlango, kelele za sokoni nyuma yake.

"Walinipenda," alisema Eliakimu. Alikuwa anaangalia viatu vyake. "Walinipenda sana. Ila nimewaambia siwezi kuwaacha watoto hawa."

Mwanamkuu alitaka kumshika, amkumbatie pale pale mbele ya watoto na wamachinga, amwambie nisamehe. Hakufanya. Alisema, "Umefanya vizuri."

Eliakimu akainua macho, akamtazama sana. Hayakuwa na hasira. Yangekuwa na hasira ingekuwa nafuu. Yalikuwa yanamuuliza tangu lini amejua kwamba tatizo si chumba tu, na Eliakimu aliona jibu, na akalikubali.

"Da Mwanamkuu," alisema, "nani ana zamu?"

"Wewe," alimjibu. "Anza wewe."